Steringi Hafi? Tunawasahihisha James Bond Sita

Mada hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili hadi cha nne, wanachama wa klabu ya afya ya shule moja ya sekondari wilayani Geita. Tumeiacha karibu kama ilivyosemwa.

 



 Mwalimu wenu wa klabu aliniomba nije kuzungumza juu ya UKIMWI na magonjwa ya zinaa. Nimelitaja tu neno UKIMWI, wale wa benchi la nyuma wameanza kusinzia. (Kicheko.) Siwalaumu. Tangu shule ya msingi mnaambiwa UKIMWI unaua, UKIMWI hauna tiba, vijana tulieni. Mmechoka. Hata mimi nilichoka.

Basi leo tuzungumze juu ya picha. Nani anamfahamu James Bond? Haya, mikono mingi. Nani alimwonea kwenye kibanda umiza? Ahaa, mikono inashuka kwa sababu walimu wapo! Sawa, mimi nakiri. Nilimwonea kwenye kibanda umiza, nikiwa darasa la tano, katika kijiji cha machimbo hapa hapa wilayani. Kiingilio shilingi 200, mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nje, na sauti ya mtafsiri inamfanya Mwingereza aongee Kiswahili cha mtaani. Wasichana tulikuwa watatu tu ndani, na mimi niliingia kwa sababu nilipelekwa na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa.

Kwenye kibanda kile kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyetufundisha lakini wote tuliijua: steringi hafi. Anapigwa risasi elfu moja, zote zinapita pembeni. Anaanguka kutoka kwenye ndege, anatua. Anakunguta vumbi kwenye suti, anachukua mrembo, picha imekwisha, taa zinawashwa.

Kaka yangu aliiamini sheria hiyo. Wakati huo alikuwa na miaka 17, ameacha shule kidato cha pili, anashuka kwenye duara upande wa Nyarugusu. Wiki ambayo duara limetoa dhahabu alinunua miwani nyeusi Katoro, akalipia benchi zima kiingilio. Wenzake walimwita Bondi. Nitarudi kwake. Ameniruhusu niwasimulie habari zake, ila jina lake sitalitaja.

Leo tufanye kama walimu. Tuwasahihishe James Bond wote sita, mmoja mmoja. Tuone nani kafaulu na nani karudia darasa.

JAMES BOND NI NANI?

Kwanza, si mtu wa kweli. Alitungwa na Mwingereza Ian Fleming, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika ujasusi wa jeshi la majini la nchi yake. Kitabu chake cha kwanza, Casino Royale, kilitoka mwaka 1953. Filamu ya kwanza, Dr. No, ilitoka mwaka 1962. Kutoka hapo mpaka mwaka 2021 mfululizo wenyewe ulifikisha filamu 25. Mhusika ni yule yule, namba 007, jasusi wa Uingereza mwenye kibali cha kuua. Lakini waigizaji wamekuwa sita, na kila mmoja alikuja na tabia ya zama zake.

Nasi watu wa Kanda ya Ziwa tunahusika. Filamu ya tatu, Goldfinger ya mwaka 1964, ni habari ya tajiri mwenye uchu wa dhahabu. Ile ya mwaka 1971, Diamonds Are Forever, inaonyesha mgodi wa almasi Afrika Kusini, wafanyakazi wakipitisha mawe kwa magendo kinywani. Dhahabu ni Geita, almasi ni Mwadui, Shinyanga, ambako Dakta Williamson aliikuta mwaka 1940. Bond anahangaika duniani kote kutafuta vitu tunavyokanyaga sisi.

Mtakumbuka katika Goldfinger kuna dada anayekutwa amekufa kitandani, mwili mzima umepakwa rangi ya dhahabu. Wanasema amekufa kwa sababu ngozi imeshindwa kupumua. Huo ni uongo. Binadamu anapumua kwa pua na mdomo, si kwa ngozi, na mwigizaji wake, Shirley Eaton, alinawa akaenda nyumbani. Kinachodhuru watu kwenye dhahabu yetu hakionekani vizuri hivyo. Ni mvuke wa zebaki pale mtu anapochoma dhahabu jikoni, watoto wamekaa pembeni. Mvuke ule unaharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na unamdhuru mtoto aliye tumboni. Ni vumbi la mawe kwenye karasha, linaloharibu mapafu na kuifungulia njia kifua kikuu. Hayo hayapendezi kwenye picha, ndiyo maana hamjayaona.

Haya, tuanze kusahihisha.

1. SEAN CONNERY (1962–1971)

Mskochi aliyekulia katika umaskini, aliwahi kusambaza maziwa mtaani. Filamu sita katika mfululizo huu, na moja ya pembeni mwaka 1983. Wengi wanasema ndiye bora kuliko wote. Anatembea kama chui, anaongea kidogo. Zile nywele lakini ni za bandia, alizivaa katika filamu zake zote za Bond. (Kicheko.) Kwa hiyo wewe unayejichukia kwa sababu hufanani na steringi, ujue hata steringi hafanani na steringi.

Kuigiza nampa A. Heshima kwa wanawake nampa F, na nitawaambia kwa nini. Ndani ya Goldfinger kuna tukio la kwenye banda la majani. Yule rubani mwanamke, aliyeigizwa na Honor Blackman, anamkataa Bond. Anamsukuma. Wanapigana. Bond anambana chini mpaka anaacha kusukuma, halafu muziki mtamu unaanza, eti amependa. Mwaka uliofuata, kwenye Thunderball, anamwambia mhudumu wa kituo cha tiba kwamba atanyamaza asimsemee kwa bosi wake, lakini kunyamaza kwake kuna bei. Bei yenyewe mnaijua.

Pale kibandani watu walipiga makofi. Mimi mtoto wa darasa la tano nilipiga pia. Leo nawaambieni: mtu akikusukuma, huo si mchezo wa mapenzi, amekataa. Na anayemtisha mwenzake ili alale naye, awe bosi, mwalimu au mwenye karasha, hajapendwa. Sheria yetu ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inasema ridhaa inayopatikana kwa nguvu au vitisho si ridhaa. Jina lake ni ubakaji, hata ukiweka muziki mtamu namna gani.

2. GEORGE LAZENBY (1969)

Huyu wengi hamumjui. Mwaustralia, muuza magari na mwanamitindo, ambaye hakuwa na uzoefu wowote wa filamu. Alicheza moja tu, On Her Majesty's Secret Service. Humo Bond anafunga ndoa, na saa chache baadaye mkewe anapigwa risasi ndani ya gari. Bond anabaki amemkumbatia maiti. Kwa mara ya kwanza steringi anafiwa, na filamu inaishia hapo hapo, bila ushindi.

Uigizaji C, lakini moyo namwongezea alama. Kosa lake lilikuwa nje ya filamu. Mshauri wake alimwambia Bond amepitwa na wakati, achana naye, naye akaachana naye kabla hajapoa. Filamu zilizofuata zimeingiza mabilioni. Kwa hiyo, vijana, ushauri wa rafiki upime kwanza, hata rafiki awe amevaa vizuri kiasi gani.

3. ROGER MOORE (1973–1985)

Filamu saba, mfululizo. Huyu ni mcheshi. Anapigana huku amenyanyua nyusi moja, na suti haikunjiki. Alipomaliza alikuwa na miaka 57, na warembo aliokuwa nao kwenye picha wangeweza kuwa binti zake. Nyinyi wasichana wa hapa mnajua watu wa namna hiyo, wanaegesha magari karibu na geti la shule. (Kicheko kirefu.)

Filamu yake ya kwanza, Live and Let Die, itazameni kwa macho ya Mwafrika. Karibu kila adui ni mtu mweusi, na uganga wa watu weusi unafanywa kitisho. Tuliishangilia bila kuona kwamba tunaopigwa ni sisi.

Lakini mtu si filamu zake. Mwaka 1991 Roger Moore akawa balozi wa hiari wa UNICEF, akazunguka dunia mpaka uzee wake akitetea watoto. Kazi moja aliyoishikilia ni chumvi yenye madini joto. Madini joto yakikosekana mtu anaota rovu shingoni, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa ubongo wake haukukua vizuri. Dawa yake ni chumvi ya dukani tu. Kwa hiyo leo ukirudi nyumbani soma pakiti ya chumvi ya mama. Kwa suti nampa B. Kwa chumvi nampa A, na nadhani chumvi imeokoa watu wengi kuliko bastola.

4. TIMOTHY DALTON (1987–1989)

Filamu mbili tu: The Living Daylights na Licence to Kill. Mkali, hacheki, alisoma vitabu vya Fleming akataka Bond awe mtu mwenye hofu na hasira.

Angalieni mwaka: 1987. Hapa kwetu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na huko Ulaya na Marekani magazeti yalijaa habari za ugonjwa huo. Bond wa 1987 akapunguza wanawake ghafla. Karibu filamu nzima yuko na dada mmoja, mpiga muziki. Wakati ule waandishi wengi walisema wazi kwamba sababu ni UKIMWI. Na Licence to Kill, ambayo Bond anavuta sigara, inafunga kwa onyo la afya juu ya tumbaku.

Mnaona? Hata 007 aliogopa. Nampa B, kwa kusoma alama za nyakati.

5. PIERCE BROSNAN (1995–2002)

Filamu nne. Huyu ndiye Bond wa kaka yangu. GoldenEye aliiangalia mpaka mkanda wenyewe ukaanza kukwaruza. Inaanza na mtu anayejirusha kutoka juu ya bwawa kubwa, amefungwa kamba miguuni. Kibanda kizima kilisimama.

Sasa sikieni. Aliyeruka si Brosnan. Aliyeruka ni Wayne Michaels, mtaalamu wa michezo ya hatari, kwenye bwawa moja nchini Uswisi lenye urefu wa mita 220 hivi, kwa kamba iliyopimwa. Kila unapoona steringi hafi, nyuma yake kuna mtu aliyefanya mahesabu ili asife. Kaka yangu alikuwa anashuka kwenye duara bila kofia ngumu, kamba imechakaa, mti wa kuzuia ukuta umeoza. Huko hakuna aliyempimia.

Jambo jingine jipya: bosi wake safari hii ni mwanamke, Judi Dench, na anamwambia Bond usoni kwamba ni mnyama wa kale aliyesahaulika, asiyeheshimu wanawake. Miaka 33 ilipita kabla mtu hajamwambia! Nampa B.

6. DANIEL CRAIG (2006–2021)

Filamu tano. Mfupi kidogo, nywele rangi ya majani makavu. Watu walimkataa kabla hajaanza, halafu wakamkubali. Kwa nini? Kwa sababu akipigwa anaumia. Uso unavimba, mikono inatetemeka, anajitazama kwenye kioo na damu yake. Hata nje ya picha, alivunjika meno kwenye filamu ya kwanza, na kwenye ya mwisho kifundo cha mguu kilihitaji kufanyiwa upasuaji.

Halafu Casino Royale ya 2006 inapita kwa majirani zetu, Uganda, na waasi wake. Msidanganyike, Uganda ile ilipigwa picha Uingereza, na Madagaska ya mle ni visiwa vya Bahama. Na katika filamu yake ya mwisho, No Time to Die, aliyerithi namba 007 ni mwanamke mweusi, aliyeigizwa na Lashana Lynch. Tumetoka mbali tangu 1973.

Nampa A. Ila kuhusu mwisho wa filamu hiyo nina neno, subirini.

MADAKTARI WALIPOMPIMA BOND

Si mimi wa kwanza kumsahihisha. Mwaka 2013 madaktari watatu wa Uingereza walisoma vitabu 14 vya Fleming, wakahesabu kila glasi aliyokunywa Bond. Wakakuta kwa wiki anakunywa zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu kilichokuwa kinashauriwa kwao kwa mwanaume. Mtu wa namna hiyo, walisema, yuko hatarini kufa mapema kwa ini, kupungukiwa nguvu za kiume, na kutetemeka mikono. Hawezi kulenga shabaha, na gari lile la kifahari asingelifikisha hata kona ya kwanza.

Mwaka 2021 watafiti wengine wakaziangalia filamu zote 25 wakitafuta maambukizi. Wakahesabu wanawake 59 aliolala nao. Kunawa mikono wakamwona mara mbili tu. Mimi nami nimejaribu kukumbuka kondomu katika filamu zile. Sikumbuki hata moja.

Jiulizeni: kisonono chake kiko wapi? Kaswende yake? Watoto wake? Nani alimpeleka zahanati? Ukweli ni kwamba filamu inakatwa usiku. Wanakuonyesha chumba, mishumaa, shuka. Asubuhi yake wanaiondoa. Katika maisha asubuhi haiondolewi.

Hapa kwetu asubuhi hiyo imeshachunguzwa. Kati ya 1991 na 1994, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, utafiti mkubwa ulifanyika mkoani humo. Sehemu fulani zahanati zilipewa mafunzo na dawa za kutosha za kutibu magonjwa ya zinaa, sehemu nyingine zikasubiri. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995 dunia nzima ikasikia: pale magonjwa ya zinaa yalipotibiwa ipasavyo, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Sababu ni kwamba kidonda au usaha sehemu za siri unafungua mlango kwa virusi. Na mengi ya magonjwa hayo hayana dalili, hasa kwa wasichana. Yanakaa kimya kama jasusi.

NA WILLY GAMBA JE?

Mwanafunzi mmoja amenong'ona hapa mbele, "Tanzania hatuna Bond?" Tunaye. Waulizeni wazazi wenu. Anaitwa Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba: Kufa na Kupona mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, Njama mwaka 1981. Baba zetu waliazimana vitabu hivyo mpaka majalada yakatoka.

Tofauti yake kubwa na Bond ni kwamba hatumikii malkia wa mtu. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika tangu 1963, na Willy anapambana na vibaraka wa makaburu na maadui wa ukombozi. Maadui wake walikuwepo kweli. Kwa hilo nampa A ya uzalendo. Lakini kwenye pombe na wanawake ni mdogo wake Bond, tumbo moja. Anaamka asubuhi mzima kama kigori. Hapo namrudisha darasa.

Someni Willy, ni Kiswahili kitamu. Angalieni Bond pia, sijawakataza. Ninachowaomba ni kimoja: picha ikikatwa usiku, wewe malizia asubuhi kichwani mwako.

ASUBUHI YA KAKA YANGU

Kaka alikuwa na pesa ya leo leo. Alikuwa na wapenzi Katoro, Rwamgasa, na mmoja Kahama. Alipoanza kuumwa wakati wa haja ndogo alikwenda duka la dawa, akanunua vidonge vinne bila kipimo, maumivu yakaisha, akasema steringi hafi. Yakarudi. Akanunua vingine.

Mwaka 2018 alipata mtoto wa kike. Mwaka 2019 mkewe alipimwa kliniki akiwa na mimba ya pili, akakutwa na VVU. Kaka naye akapimwa. Naye anavyo. Yule mtoto wa kwanza alipimwa, hana.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Kaka hakukataa dawa. Alianza dawa. Lakini alijitenga. Akawa na sahani yake na kikombe chake. Akalala kwenye mkeka. Binti yake akikimbia kumlaki, alikuwa anarudi nyuma, ananyoosha mkono kumzuia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu! Alidhani akimgusa atamuua. Hakumwambia mtu hofu hiyo, kwa sababu Bondi haogopi.

Mwaka 2022 nilimletea No Time to Die kwenye kompyuta yangu. Tukaiangalia pamoja kama zamani. Walioiona wanajua mwisho. Bond anaambukizwa sumu isiyo na dawa. Yeye mwenyewe haimdhuru, lakini akimgusa mpenzi wake au binti yake mdogo, watakufa. Anabaki kisiwani peke yake, makombora yanakuja. Steringi anakufa.

Filamu ikaisha. Kaka hakuondoa macho kwenye kompyuta. Kisha akasema, "Huyo ni mimi."

Nilikuwa tayari naifanya kazi hii. Nimesimama mbele ya mamia ya watu kueleza VVU vinavyoambukizwa, na ndani ya nyumba ya mama mkubwa nilikuwa sijauliza kwa nini mtu anakula peke yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nikamwambia, kaka, huyo siyo wewe. Ile sumu ni ya kutunga. VVU haviambukizwi kwa kugusana, kukumbatiana, kubusiana shavuni, kula sahani moja, kutumia choo kimoja wala kulala kitanda kimoja na mwanao. Hakuniamini. Wiki iliyofuata tulikwenda wote zahanati, na muuguzi, mama mtu mzima, akamweleza yale yale. Akamsomea majibu yake ya kipimo: virusi vimefubazwa mpaka havionekani. Akamwambia mtu wa hivyo, akiendelea kumeza dawa kila siku bila kuruka, hamwambukizi hata mwenzi wake kwa kujamiiana. Kaka akamuuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mtoto naweza kumbeba?" Yule mama akasema, "Ulikuwa unaweza siku zote."

Tulipofika nyumbani alimbeba. Mtoto mwenyewe alishangaa, akawa anamshika masikio.

Leo kaka yupo. Mtoto wa pili alizaliwa salama, hana virusi, kwa sababu mama alipimwa mapema na akameza dawa. Duara ameacha, ana pikipiki. Miwani bado anavaa, kwa ajili ya vumbi.

Kwa hiyo ile sheria ya kibandani tuirekebishe. Steringi anaumwa, steringi anaambukizwa, na steringi anaweza kufa. Anayepona ni yule anayekwenda zahanati mapema, anayemeza dawa, na anayemwambia mtu mmoja kwamba anaogopa.

MASWALI YENU

Kidato cha tatu (msichana): Dada, mvulana akisema "ungekuwa unanipenda usingetaka kondomu", nimjibu nini?

Mwambie, "Ungekuwa unanipenda usingeniuliza." Na kumbuka una haki ya kukataa kabisa, kwa kondomu au bila kondomu. Kusubiri si ushamba.

Kidato cha nne (mvulana): Nina miaka 16. Naweza kupima bila mzee kujua?

Ndiyo. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU bila kibali cha mzazi. Lakini kama una mtu mzima unayemwamini, nenda naye, majibu yoyote ni mepesi mkiwa wawili.

Kidato cha pili (msichana): Mtu akibakwa afanye nini?

Aende hospitali au kituo cha afya haraka, siku hiyo hiyo, asioge kwanza. Kuna dawa za kuzuia VVU zinazotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Kuna pia dawa za kuzuia mimba na magonjwa mengine. Na aliyebakwa hana kosa. Hata kidogo.

Kidato cha tatu (mvulana): Kwa hiyo Bond bora ni yupi?

(Kicheko.) Kwa kutembea, Connery. Kwa kuchekesha, Moore. Mimi namchagua Craig, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na mtoto wa kumrudia nyumbani. Angekuwa na zahanati karibu, angerudi.

JADILINI KWENYE KLABU

1. Chagueni filamu moja mliyoiangalia pamoja. Ilikatwa wapi? Andikeni asubuhi yake.

2. Je, katika mtaa wenu kijana "shujaa" ni yupi? Amefanya nini hasa?

3. Kama mwenzenu ana VVU na anajitenga, mtamwambia nini, na mtamfanyia nini?

 Waliolala benchi la nyuma naona wote mko macho.